Udongo wa Asubuhi

Kaburi lilijengwa asubuhi moja tu. Vijana wa sinema kutoka Dar es Salaam walimwaga udongo wa lori kando ya ziwa Basotu, wakaushindilia kwa miguu huku wakipiga soga, na kabla jua halijakolea kichuguu cha kaburi kilikuwa tayari. Bibi Qamara akaguna. Kaburi la kweli la baba yake, mzee Gidamayda, ukoo mzima ulilijenga kwa miezi, safu juu ya safu, kwa nyimbo. Halafu zikaja trekta za mashamba ya ngano, zikalilima kama palivyolimwa pengine pote.

Alipoambiwa kwamba habari hiyo inatengenezewa sinema, alifurahi kupita kiasi. Alitaka wajukuu wamwone babu yao, wajue kwamba alikataa kuhama kuipisha ngano mpaka akafa.

Sylvester, mwongozaji, alikuwa kijana wa adabu. Alimwamkia shikamoo, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe, kisha akamweleza kazi.

"Kwenye sinema yetu, mzee amewatokea wanawe ndotoni, amewaambia waipishe trekta. Sasa ikipita juu ya kaburi, bibi, wewe na wenzako mnapiga vigelegele."

"Vigelegele? Kwenye kaburi la baba yangu?"

"Watu wakinunua mkanda wanataka kufurahi, bibi. Historia iko vitabuni."

"Vitabu gani? Wewe umeviona?"

Sylvester akacheka. "Tena hili si kaburi. Ni udongo tu, hamna mtu ndani."

Damu ilimchemka Qamara. Baba yake walimnyang'anya ardhi, wakamnyang'anya kaburi, na leo wanataka aonekane alitoa vyote kwa hiari! Alifikiri kuondoka zake. Lakini akiondoka, si mwingine atavipiga vigelegele hivyo? Na wajukuu wataamini wanachokiona.

Akateremka ziwani, akang'oa majani mabichi, fungu la kujaza mkono. Wanawake wenzake walimwangalia, wakaelewa, nao wakainama kung'oa. Kwa Wabarabaig, majani mabichi hayawekwi mahali hivi hivi; hulazwa kaburini kwa maombi, na hapo hapakanyagwi tena. Qamara alipanda kichuguu kile, akayalaza juu, akamwita baba yake kwa jina lake lote. Akaomba kwa lugha ya kwao, sauti ikipanda, na wanawake wakaitikia, kila mmoja akilaza majani yake.

"Kata! Kata bwana! Nikolausi, sogeza trekta tuendelee!" alifoka Sylvester.

Nikolausi, dereva waliyemkodi kutoka kijiji cha Gendabi, ndiyo kwanza akazima injini. Akavua kofia, akashuka.

"Hapo mimi sipiti, bosi."

"Udongo si tumeumwaga wenyewe asubuhi?"

"Asubuhi ulikuwa udongo," alisema Nikolausi, akaenda kutafuta majani.

Qamara aliketi pale juu akalia. Miaka yote hiyo hakuwa na mahali pa kumlilia baba yake, maana ngano haina alama. Alilia kwa sauti, bila kumwonea haya mtu.

Sylvester alimsogelea, amechanganyikiwa kabisa. Aliitazama trekta, akawatazama wanawake waliokuwa wamekaa kuzunguka kaburi, hakuna hata mmoja aliyejitikisa.

"Sasa bibi, sinema yangu itaishaje?"

Qamara akajifuta machozi kwa kiganja.

"Mwanzo wenyewe hujaupata, unaniuliza mwisho? Kaa chini."

Akakaa.