Ugali wa Mama Charles

Martina, ambaye wengi walimwita Mama Charles, alijichoma sindano ya insulini tumboni alipobandika maji ya ugali, kama alivyoelekezwa na Nesi Esta wa zahanati: choma, ngoja nusu saa, kula. Maji yachemke, ugali usongwe, upakuliwe, muda umetimia. Alijivunia mpango wake. Didia nzima hakuna anayesonga ugali wa mtama kama Martina, na anayebisha aje aonje.

Tatizo lilikuwa shikome, ule moto wa uani ambapo wanaume hula pamoja jioni. Wanawake hula jikoni, wanaume wakishashiba. Shikome nyingine zilishazimika, watu wamehamia kwenye televisheni. Ya Makoye, mume wa Martina, ilikuwa inawaka, na Makoye akiitaja kifua kilimtoka. Mwanaume yeyote akipita barabarani aliitwa kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila! Karibu ugali!"

Jioni moja walipita wachimbaji waliotoka Geita na njaa zao. Sinia likarudi jikoni tupu. Martina akabandika maji upya. Nusu saa ikapita, sindano ikamshusha sukari kabla hajala; jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kumwita Lusia, mke wa mwanawe, kwa jina la marehemu mama yake. Lusia akamtia sukari mdomoni, akapata nafuu. Haikuwa mara ya kwanza, na Nesi Esta alishawaambia ipo siku hiyo sukari itachelewa.

Kesho yake Makoye alipotaka kumega, ugali ulijivuta hadi ukingoni mwa sinia, ukashuka, ukakatiza uani bila kushika mchanga, ukaingia jikoni na kupanda kwenye sahani ya Martina. Bakuli la mlenda lilifuata nyuma, polepole, lisimwagike.

"Unaenda wapi huo?" aliuliza jirani yao, Nkwabi.

"Kwa Mama Charles," alijibu Makoye. "Ameshachoma sindano."

Wakaongeza kuni, wakangoja.

Martina alikula taratibu, mgongo wima, mlango wa jikoni ameuacha wazi makusudi ili wamwone. Aliposhiba, ugali uliobaki ulishuka ukarudi shikome.

Makoye naye hakukawia kujitapa. "Ugali wenu unakaa tu," aliwaambia wenzake. "Wangu una adabu, unamjua mgonjwa." Watu wakaja hadi kutoka Ushirombo kuuona, hivyo Martina akahamia kwenye sufuria kubwa zaidi. Hakutetemeka tena. Nesi Esta alimsifu mbele ya wagonjwa wote, naye akapokea sifa zake bila kuinamisha kichwa. Jamani, alistahili!

Lusia alikuwa ananyonyesha mapacha. Martina alimmegea bonge la ugali wake. Bonge likamponyoka Lusia mkononi, likakatiza uani kwenda kwa wanaume. Akammegea jingine, nalo likaenda vilevile.

"Pole, mwanangu," alisema Martina.

"Asante, mama," alijibu Lusia, akavuta sufuria akwangue ukoko wanaume wakimaliza.

Siku ya kupima watoto uzito, Lusia alimwomba Nesi Esta naye aandikiwe sindano.

"Ya nini? Wewe sukari huna."

"Sukari sina, nesi," alisema Lusia, akimhamishia pacha titi la pili. "Njaa ninayo."