Hongera ya Viazi

Mama mwenzangu mwenye binti anayejifunza kazi, usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, ujiangalie, ndipo ucheke.

Binti yangu wa mwisho alikuwa kwenye majaribio kwa fundi keki wa mtaa wetu, mwanamke asiyepoteza maneno. Fundi alimwambia wazi kwamba kuoka anajua, kupaka krimu anajua, lakini maandishi yake yanatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Akampa mfuko wa kupambia akajifunzie nyumbani, ule wa plastiki wenye kidude cha bati kwenye ncha, pale panapotokea krimu. Baada ya wiki mbili, Jumamosi, angeandika keki ya mteja. Ikikubalika, kazi ni yake. Isipokubalika, asirudi.

Toka siku hiyo nikawa roho mkononi.

Sukari ya kuchezea sikuwa nayo, nikaponda viazi. Ukiviponda vikalainika, ukatia maziwa kidogo, vinatoka kwenye tundu kama krimu kabisa. Mtoto akauliza aandike nini. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia aandike Hongera. Nilifikiri aliyezaa, aliyeolewa, aliyefaulu, aliyestaafu, wote huambiwa hongera. Nani anunue keki ya ugomvi?

Basi akawa anaandika Hongera kwenye mgongo wa sinia, mimi nimesimama nyuma ya bega lake. Bana mfuko kwa juu, usibane katikati. Usitue njiani. Inua mkono kidogo, acha krimu ilale yenyewe. Utaalamu wote huo ninao, na ule mfuko sijawahi kuushika. Nikisema "taratibu", mtoto anashtuka, mfuko unatema.

Chakula hakitupwi, kwa hiyo mume wangu alikula Hongera siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili akaisukuma sahani pembeni.

"Mama watoto," akasema, "nimepongezwa mpaka suruali haifungi. Niambieni basi nimefanya nini."

Jumamosi ikafika, nikaenda dukani kwa fundi kununua mkate. Nyumbani mkate ulikuwepo. Fundi alinitazama, akautazama mkate niliobana kwapani, akaendelea na kazi yake.

Mteja mwenyewe alikuwa baba mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi mbele tu, mgongoni makunyanzi matupu. Nikajua huyu siku hizi anajipigia mwenyewe. Akaomba kwa sauti ya chini keki iandikwe Nisamehe mke wangu, akasema atarudi baada ya nusu saa.

Binti akashika mfuko. Herufi zikasimama wima kama wanafunzi mstarini, nami nikazisindikiza kwa kichwa moja baada ya nyingine, nikitabasamu, mpaka nilipozisoma zote kwa pamoja.

Hongera mke wangu.

Maandishi mazuri kama hayo hajawahi kuyaandika. Lakini yalikuwa mekundu juu ya krimu nyeupe, na nyekundu ukiikwangua inaacha doa kama kidonda. Keki nyingine haikuwepo. Fundi alikuwa ameweka mikono kiunoni, anasubiri.

Mimi nikaanza. Futa. Hapana, usifute. Weka maua juu yake. Fundi, kosa ni langu, mkono wa huyu mtoto nimeuzoesha neno moja.

Binti akageuka. "Mama, naomba utoke nje."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikatoka na mkate wangu, nikasimama nje ya dirisha la kioo. Nikamwona ameinamia keki, hafanyi kitu, anaitazama tu. Kisha akabadilisha kidude, akaweka chenye tundu jembamba zaidi, akaanza kuandika. Nikasema "taratibu". Kioo peke yake ndicho kilichonisikia, na mfuko haukutema.

Yule baba akarudi. Akasoma, midomo ikimcheza. Akasoma tena, halafu akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kichanga. Alipopita mlangoni nilichungulia ndani ya boksi kabla hajalifunika. Chini ya maneno makubwa kulikuwa na mistari miwili midogo, imenyooka:

kwa kunivumilia.
Nisamehe.

Jumatatu nilimwona baba huyo barabarani. Shati limenyooka mbele na nyuma.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mfundishe mwanao, lakini neno moja halitoshi, na ukishamfundisha, jitoe mwenyewe mapema. Usingoje kutolewa kama mimi. Kazi binti ameipata. Fundi alikuja mpaka kwangu kuniambia, akiwa ameshika mkate mkononi.

"Binti nimemchukua," akasema. "Wewe, dada, mkate utakuwa unaletewa hapahapa nyumbani."