Ndara za Nek Rabiah

Hapa kisiwani kwetu Kokos, ukitaka kujua nani huamka usiku kusali, usimuulize mtu. Tazama ndara mlangoni mwa msikiti. Mwezi wa Ramadhani, tarawehe zikiisha, imamu hupumua kidogo, halafu husimama kwa witri, na sisi wengi husimama naye. Tunaifunga sala ya usiku tukiwa bado macho, kisha tunakwenda kulala. Lakini yule anayejijua kuwa ataamka kabla ya alfajiri huiacha witri yake mpaka saa hiyo, maana ndiyo ya kumalizia. Basi yeye huinuka taratibu, akavaa ndara zake, akaenda.

Nek Rabiah alikuwa wa hao. Nek ndiyo bibi, kwa Kimalei chetu, na Mak ndiyo mama. Alitoka miaka yote wala hakuna aliyemsema, mpaka Suria aliporudi.

Suria alikuwa akisoma Perth, Australia bara. Mama yake ni binti wa Nek Rabiah, baba yake ni mwana wa Nek Manisah, na mabibi hao wawili hawana mjukuu mwingine wa kike. Alishuka kwenye ndege kumi la mwisho likiwa limeingia, na sanduku lake akaliweka kwa Nek Rabiah.

"Nataka niamke kila usiku, Nek," alimweleza Nek Manisah. "Nina ombi langu. Nek Rabiah ataniamsha."

"Ombi gani?"

Suria akacheka tu. Nek Manisah akaenda nyumbani na cheko lile limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwake alikuwa ameshatandika kitanda, shuka mpya, na chandarua amekifua. Kilichomla zaidi ni lile ombi. Rabiah analijua, alijiambia. Wanaliomba pamoja, mimi nimelala kama gogo.

Na kulala alilala kweli. Toka ujana wake usingizi wa Nek Manisah ulikuwa wa kusifiwa. Marehemu mumewe alikuwa akisema kimbunga kilipita kikamwonea huruma. Ndiyo maana witri yake hakuiacha hata siku moja, aliisali na imamu, akaenda kulala amestarehe. Na hivyo ndivyo tulivyofundishwa: anayehofia kutoamka aisali mapema, anayetumaini kuamka aicheleweshe. Hakuna aliyemzidi mwenzake.

Lakini kila usiku alipoona jozi mbili za ndara zinaondoka, kubwa na ndogo, alihisi kama anaachwa bandarini.

Usiku wa nne akainuka na yeye, ingawa witri aliisali nyumbani kabla ya kulala.

Mak Latipah, jirani yangu kwenye safu, akaninong'oneza, "Leo kuna nini nje, wanagawa nyama?"

"Sali, wewe," nikamwambia.

Kesho yake Nek Manisah akamwambia Suria, "Lala kwangu leo. Na mimi huamka siku hizi. Hukuniona nikitoka?"

"Kweli, Nek? Utaniamsha?"

"Kwani kuamsha mtu ni ufundi wa Rabiah peke yake?"

Usiku ule ndara zilizotoka zilikuwa jozi tatu, na mbili zikaelekea kwa Nek Manisah. Alipika daku kabisa, wali wa kukaanga na sambali ya pilipili, akafunika sufuria mezani. Akakaa kitini na kikombe cha kahawa, ameapa hatafumba jicho. Yaliyofuata usiniulize, hata yeye hayajui. Alichosikia ni adhana ya alfajiri, na kahawa imempoa mkononi.

Suria akatoka chumbani anapepesa macho. "Nek, ndiyo adhana hiyo? Mbona hukuniamsha?"

Hapo ulimi ukatangulia. "Nilikuita weee, ukageukia ukutani. Nikala daku, nikasali zangu."

Mtoto akatazama chini. "Nisamehe, Nek." Akaenda kutawadha.

Alasiri tulikusanyika uani kwa Nek Rabiah kusuka makuti machanga ya ketupati, vifuko vya kupikia wali wa Hari Raya, ndiyo Idi. Suria alikuwa amekauka midomo.

"Umekula nini daku?" Nek Rabiah akamuuliza.

"Sikula. Nek Manisah aliniita, mimi ndiye sikuamka." Akavuta ukuti mwingine. "Leo nitasali witri na imamu, Nek. Usijisumbue kuniamsha tena. Naona mimi si wa kuamka."

"Usiku mmoja tu umekata tamaa?"

"Niliitwa nikakataa. Sasa hilo ombi nitaliombaje?"

Mikono ya Nek Manisah ikasimama. Aliyeiweka sufuria kwenye friji asubuhi alikuwa Suria. Ilikuwa imejaa pomoni, na vijiko viwili vikavu juu ya kifuniko. Mtoto alijua. Alijua, akachagua kujitia aibu yeye mbele ya bibi yake wa pili.

Nek Manisah alikuwa na njia ya kunyamaza. Akinyamaza, mtoto asingeamka tena kwa Rabiah, na kwa kitambo moyo wake ulipenda hivyo. Nilimwona anapenda.

"Sikumwita," akasema. "Nililala kitini. Hata daku sikula. Na witri imenipita, mimi ambaye haijawahi kunipita."

Mak Latipah akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Nek Rabiah hakuinua macho kwenye kuti lake. "Manisah, unadhani mimi naamshwa na nini? Malaika? Naamshwa na kibofu. Nikisharudi msalani usingizi umekwisha, basi nasali. Kama ungekuwa na kibofu changu nawe ungekuwa walii."

Tulicheka na swaumu zetu mpaka makuti yakaanguka.

"Na ombi lake?" Nek Manisah akauliza, kwa sauti ndogo. "Ni nini?"

"Hata mimi hajaniambia."

Maneno hayo yalimponya Nek Manisah kuliko dawa ya zahanati. Rangi ilimrudia usoni pale pale.

"Sali witri na mimi, kwa imamu," akamwambia Suria. "Kisha nenda kalale kwa huyu. Akikuamsha, sali rakaa mbilimbili, witri usiirudie, haisaliwi mara mbili. Ila daku utakula kwangu. Kwake chumvi haipo."

"Chumvi ipo," Nek Rabiah akasema.

"Ipo dukani."

Usiku ule ndara ndogo zilibaki mlangoni, ubavuni mwa za Nek Manisah, mpaka imamu alipotoa salamu ya mwisho. Kabla ya adhana Suria akaja kula daku kama alivyoagizwa, na Nek Rabiah nyuma yake, hakualikwa. Mlango ulikuwa umebanwa, mwenye nyumba anakoroma. Wakagonga mpaka majirani wakaamka.

Nek Manisah akawapakulia. Suria alipewa mnofu wa tumbo la samaki. Nek Rabiah alipewa mkia.