Nggih Iliyovutwa

Katika vichochoro vya Laweyan, mjini Solo, Wening, mwongoza watalii, alijulikana kwa jambo moja: hakumwingiza mgeni nyumbani kwa mtu kabla ya kuomba ruhusa. Kwa hilo alijivunia kidogo.

Jumatatu alikwenda kwa mama yake mdogo, Tumini, mchoraji wa batiki.

"Mama mdogo, Alhamisi nikuletee wageni wanne? Wana adabu, si wa kupiga picha ovyo."

Tumini alimimina chai taratibu. "Wageni unawaleta wewe. Wewe unaletwa na nani? Mwezi mzima hatujakuona."

"Kazi, Mama mdogo. Basi, Alhamisi?"

"Nggiiih," Tumini akasema, akiivuta ile ndiyo ya kwao mpaka ikafifia.

Wening akaandika: Alhamisi, saa nne.

Siku ilipofika, wageni walivua viatu, wakapokea chai kwa mkono wa kulia. Tumini akawaonyesha jinsi ya kuchora kwa kalamu ya shaba na nta ya moto. Mmoja akadondosha tone.

"Hilo si ua, ni konokono," Tumini akasema. Wakacheka.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Nani huyo?" Wening akanong'ona.

"Baba yako mdogo. Mafua tu."

Kikohozi kiliendelea, kisha kikakoma. Mkono wa Tumini ukasimama hewani. Tone likaangukia kitambaa chake, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kudondosha. Akatabasamu, akauchora mstari hadi ukingoni.

Aliwasindikiza wageni mpaka langoni, akawaaga kwa kuinama. Ndipo akaingia nyuma ya pazia, na Wening akasikia kilio.

Walimzika mumewe alasiri ile ile. Watu walipotawanyika, Wening aliketi mkekani, miguuni pa mama yake mdogo.

"Mbona hukuniambia ana hali mbaya? Ningewapeleka kwingine."

"Nilikuambia, mwanangu. Nilisema nggih."

Wening akainamisha kichwa. Nggih fupi ni ndiyo. Ile inayovutwa ni hapana ya mtu asiyetaka kukuaibisha. Alilijua hilo tangu akibebwa mgongoni. Kila siku aliwafundisha wageni kusikiliza. Jumatatu ile yeye alisikia neno, akaiacha sauti.

Tumini akamsogezea kikombe. "Kunywa, kitapoa."

"Nggih," Wening akajibu, kwa ufupi, akanywa.