Waya Mrefu wa Mzee Yakobo

Kifurushi kilipofika stendi ya Kyela, Mzee Yakobo alikipokea kwa mikono miwili, akamsahau hata konda aliyemletea. Ndani mlikuwa na maikrofoni na waya wake. Waya wenyewe ulikuwa mrefu kupita akili, umeviringishwa ukawa mnene kama ngata ya kujitwishia ndoo. Tatizo ni kwamba katika bendi yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuimba. Hilo lilimjia kichwani akiwa ameshapanda bodaboda kurudi Busale, akaona ni heri lisimharibie safari.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza ni Yakobo mwenyewe, mkulima wa mpunga na kokoa, mgane, mwenye mvi na magitaa mawili. Wa pili ni Gaudence, ofisa ushirika kutoka Rombo, ambaye alipohamishiwa Kyela alikuja na gitaa la besi na nadharia nyingi. Wa tatu ni Anyosisye, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye vidole vinene vilivyogusa nyuzi mbili kila alipotafuta uzi mmoja. Walikutana barazani kwa Yakobo kila Jumamosi alasiri kwa ajili ya mazoezi, na mazoezi yalikwenda hivi: walisalimiana, wakanywa chai, wakatoa simu, wakaonyeshana picha za ampu. Kufikia magharibi walikuwa wamekubaliana kwamba bila kifaa fulani haiwezekani kabisa kupiga muziki. Wakarudisha magitaa kwenye mifuko yake, wakaagana wakiwa hoi.

"Hizi nyuzi ndizo zinazotuangusha," Yakobo alikuwa akisema.

"Ni unyevu, mzee," Gaudence alimuunga mkono. "Huku kwenu mvua haijui kwenda likizo. Chuma kinaoza, sembuse sauti?"

Basi zikanunuliwa nyuzi mpya. Nyuzi mpya zikashindwa, ikaagizwa ampu. Ampu ikayachukua makosa yaleyale na kuyatangaza hadi barabarani. Likavushwa mpakani Kasumulu gitaa la umeme, jekundu, la kung'aa. Ikaja pedali yenye taa za kijani. Halafu ikaja mashine ndogo ya kupiga ngoma, kwa sababu Anyosisye alidai kwamba ugonjwa wa bendi ni mapigo. Sasa imekuja maikrofoni, na Gaudence ndiye aliyeshauri waya uwe mrefu, eti ukiwa mrefu sauti inapata nafasi ya kupumua. Kokoa ya msimu mzima ilikuwa imekaa pale barazani ikiwaka taa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mbaazi huyu wa Busale alikuwa ameshalilaumu jua, akailaumu mvua, na bado hakuwa na ua.

Angeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini bila kumdhuru mtu, kama asingefumbua mdomo. Mwanawe Dickson na mkewe Kisa walikaa miaka mingi bila mtoto, na mtoto alipopatikana, wa kike, akapewa jina la bibi yake, Tusekile, marehemu mke wa Yakobo. Siku hiyo mzee alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba wakati wa ubatizo ataupiga wimbo wa bibi huyo, ili mjukuu ausikie angalau mara moja. Watu walipiga makofi. Wengine walifuta machozi. Sasa ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na tangu mkewe azikwe Yakobo hajawahi kuufikisha ule wimbo mwisho.

Ulikuwa wimbo mdogo tu, wa kuamia ndege. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Tusekile alikuwa akitembea juu ya matuta akiimba na kuwafukuza ndege, na Yakobo akampigia gitaa kutoka kibandani. Naam, mwanamume alikaa kivulini na mwanamke akapigwa jua. Kwa miaka yote hiyo Yakobo aliamini kwamba hiyo inaitwa kusaidiana.

Alipojaribu kuupiga sasa, alifika katikati, vidole vikaenda huku na mapigo yakaenda kule, akaacha. Hapo hapo alishika simu kutafuta kifaa kingine. Ukweli aliujua, ila hakutaka kuutazama usoni: akiugusa wimbo ule, sauti ya mwenzake haikuwepo, na kifua kilimbana hadi akaogopa. Kununua hakubani kifua. Kifurushi kikiwa njiani kutoka Dar es Salaam, mtu ana jambo la kusubiri, na anayesubiri halazimiki kupiga chochote.

Nyuma ya nyumba, jikoni, aliishi msikilizaji wake wa pekee, ambaye hawakuwahi kutazamana naye. Kisa na baba mkwe wake walishika ile mila ya zamani. Mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hapiti mbele yake, wala hamsemeshi. Siku hizi wengi wameiacha, na kuna wakwe wanaogombania rimoti. Lakini Kisa alilelewa na bibi yake kule Mwaya, na adabu ile ilimwingia mifupani. Yakobo akitaka kwenda bafuni alikohoa kwanza, na Kisa akapitia kwenye mikokoa. Mzee alimjua mkamwana wake kwa mlio wa kandambili, kwa ladha ya mchuzi, na kwa ncha ya khanga inayopotelea kwenye majani.

Hata hivyo, mwenye la kusema hakosi njia. Kisa aliwasemesha kuku. "Nyie kuku, mmeona chumvi imeisha?" alisema kwa sauti ya kutosha, na kabla ya saa sita chumvi ilikuwa mezani. Mtoto alipozaliwa kuku wakapumzika, maana sasa kila jambo liliambiwa mtoto.

Wiki ile ya mwisho mvua ilishuka mfululizo na umeme ukakatika. Taa za kijani zikafa zote kwa pamoja. Yakobo aliizunguka ampu, akaipigapiga mgongoni, akakaa. Kwa kukosa la kufanya akalishusha ukutani gitaa lake la zamani, la mbao, lililopasuka ubavuni, lile alilompigia Tusekile tangu wakiwa wachumba. Akaanza ule wimbo. Akafika katikati, akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Akajikuta anaitafuta simu mfukoni, na simu nayo haikuwa na chaji.

Alianza tena. Alipokwama, sauti ikatoka jikoni.

"Mwanangu, usilie," Kisa alimwambia mtoto, ingawa mtoto hakuwa analia. "Babu yako anapiga vizuri. Ila hapo anakimbia. Bibi yako hapo alikuwa ananyamaza."

Yakobo alitega sikio, gitaa mapajani.

"Unajua alinyamaza kwa nini, mwanangu? Alikuwa anarusha bonge la udongo. Unarusha, unawatazama ndege wanavyoinuka, wakishaondoka ndipo unaendelea. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake na mabonge kwenye beseni. Nilimwona."

Mzee aliyafikiria hayo kwa muda mrefu, na aibu ikampanda taratibu kutoka miguuni. Kwa miaka yote ile, kila Tusekile aliponyamaza, yeye alidhani kwamba mkewe amesahau maneno. Akawa anapiga haraka haraka kuziba pengo, ili kumfichia aibu mwenzake. Na jioni, wakirudi nyumbani, alimwambia kwa upole, "Usijali, mama, watu hawakugundua." Tusekile alikuwa akicheka tu. Yakobo alimsamehe mkewe kosa lisilokuwepo, tena kila msimu, na hakuwahi hata mara moja kuinua macho kutoka kwenye vidole vyake aone mkono wa mwanamke yule ukirusha udongo.

Alicheka peke yake barazani mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia bila kujificha. Jikoni Kisa alingoja. Alipomsikia amepenga kamasi, akauanza wimbo, polepole, kama alivyofundishwa matutani. Yakobo akamfuata. Walipofika katikati wote wawili wakanyamaza, mvua ikasikika juu ya bati, kisha wakaendelea pamoja hadi mwisho.

Wiki ile walifanya mazoezi hivyo kila siku, ukuta katikati, bila kusemezana neno.

Jumamosi wenzake walipokuja, umeme ulikuwa umerudi. Anyosisye akawasha mashine yake ya ngoma.

"Zima hiyo," Yakobo akamwambia. "Haijui kurusha udongo."

Gaudence na Anyosisye walitazamana kwa huruma, wakidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Aliwaeleza yote, hata ile sehemu ya kumsamehe marehemu, na hawakumwonea haya. Walimcheka hadi chai ikawapalia. Kisha Gaudence akauliza swali lenye akili, la kwanza tangu ahamie wilayani: "Sasa kesho nani ataimba?"

Dickson, aliyekuwa anafunga turubai uani, akaingilia. "Baba, si Kisa mwenyewe? Haya mambo yamepitwa na wakati. Aje tu asimame mbele, aimbe, yaishe."

Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka. Halafu sauti ikasikika, na safari hii kuku walirudishiwa kazi yao.

"Nyie kuku, kuimba nitaimba. Lakini kumvunjia mzee heshima mbele ya watu, hapana. Bibi yangu akiniona nitamwambia nini?"

Dickson akainua mikono, akashindwa. Yakobo naye hakutaka kumlazimisha. Heshima ile ilikuwa yake pia, na aliipenda. Aliangalia uani, akaangalia dirisha la jikoni, akapima kwa macho. Mwisho macho yake yakatua kwenye lile rundo la waya pembeni ya ampu.

"Gaudence," alisema, "ule waya wako wa kupumua. Ulete."

Waliutandaza wote. Ulitoka barazani, ukakatiza uani chini ya turubai, ukaukwepa mgomba, ukaingia dirishani mwa jikoni, na ukabaki wa kutosha kumfikisha Kisa hadi mafigani. Yakobo alijitazama akiwa amepiga magoti kwenye matope, anazika waya ili watu wasijikwae. Akakiri moyoni kwamba katika vyote alivyonunua kwa ujinga, huu ndio ujinga pekee uliozaa.

Jumapili, baada ya ibada, uwanja ulijaa. Watu walikula wali, samaki aina ya mbasa wa kuchoma na ndizi, wakashiba, wakageuza viti kuelekea barazani. Gitaa jekundu halikutolewa. Gaudence alipewa kazi ya kusimama karibu na waya asije mtu akaukanyaga, na Anyosisye aliwekwa kwenye kitufe cha sauti na kukatazwa kukigusa. Yakobo aliketi na gitaa lake lililopasuka. Alikuwa anaogopa kuliko siku alipokwenda kuposa.

Alipiga utangulizi. Spika ikakohoa kidogo, kisha sauti ya Kisa ikatoka, safi, karibu mno, kama mtu anayekuimbia sikioni. Wanawake wazee waliitambua tangu mstari wa kwanza. Hawakumtambua Kisa, waliutambua ule uimbaji, na mmoja akajifunika mdomo kwa khanga.

Wakafika katikati. Kisa akanyamaza. Yakobo akauinua mkono kutoka kwenye nyuzi.

Ukimya ulikaa. Shemeji mmoja, mtu mwema, akadhani mzee amesahau, akaanza kupiga makofi ya kumfariji. Yakobo hakumjali. Kwa mara ya kwanza katika wimbo ule hakuwa na vidole vya kutazama, basi aliinua macho, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye mashamba ya mpunga. Kundi la ndege liliinuka pale, likageuka, likaenda zake. Labda waliinuka wenyewe. Yakobo alimwona mkewe waziwazi, kwenye tuta, mkono ungali hewani, anacheka. Kifua kilimbana, akakiacha kibane. Ndege walipopotea, sauti ikaingia na gitaa likaingia nayo, bila kupishana, mpaka mwisho.

Kelele za vigelegele zilipotulia, spika ilikuwa bado ina uhai. Ikasikika sauti ya mtoto akinyonya, halafu ya mama yake.

"Umemsikia babu yako, mwanangu?" Kisa alisema, naye pengine amesahau kwamba maikrofoni iko wazi, pengine hajasahau. "Leo amepiga vizuri sana. Hasa pale aliponyamaza."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Yakobo alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka. Gaudence akamwinamia sikioni, amechangamka. "Mzee, kuna kifaa kinaongeza mwangwi kwenye sauti ya mwimbaji. Nimekiona jana. Tukikiagiza kesho..."

Yakobo alisimama. Alikohoa, akaufuata waya hatua kwa hatua hadi ulipoingilia dirishani, akaupa ukuta mgongo, akatafuta wa kumsemesha. Miguuni pake palikuwa na kuku mmoja akidonoa punje za wali.

"We kuku," alimwambia. "Mwambie mama Tusekile, ndaga fijo, asante sana. Na mwambie mpunga ukianza kutoa masuke, yeye akae kibandani na mtoto. Mabonge nitarusha mimi."