Kompyuta Yenye Ufizi

Katika familia ile kulikuwa na kesi moja isiyokwisha. Kila walipokutana, iwe arusini, iwe kumuaga msafiri, au chakula cha mchana tu cha kawaida, kaka na dada walikuwa lazima waifufue. Kaka alikuwa mpima ardhi, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake. Dada alikuwa hakimu, na hata nyumbani walimwita Hakimu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Waliyogombania ni haya: nani aliiua kompyuta?

"Wewe na sharubati yako," kaka alianza.

"Sharubati ilimwagika pembeni. Wewe ndiye uliyeichokonoa kwa bisibisi."

"Niliichokonoa kwa sababu ilikuwa imeshalowa!"

"Mnamsikia? Amekiri kwa kinywa chake."

Walikuwa watoto wakati huo. Baba yao, ambaye sasa ni marehemu, aliwaletea kompyuta ya nyumbani ya aina ya zamani zile: kibodi nene iliyobeba ubongo wote tumboni. Unaichomeka kwenye televisheni, na michezo yake imo ndani ya kaseti kama nyimbo. Walioupenda zaidi ulikuwa mchezo wa konokono aliyevuka bustani akiwakwepa ndege. Kisha mchana mmoja kioo kikaingia giza, na mashine haikuwaka tena. Mama yao alipochoshwa na kelele aliitia ndani ya sanduku, akalipandisha sanduku juu ya kabati, akatangaza kwamba atakayeitaja tena atalala na njaa. Nao hawakuitaja, mpaka walipokua na kuanza kujinunulia chakula.

Mama Meno aliolewa na mpima ardhi miaka mingi baada ya kifo hicho cha kompyuta. Jina hilo alilipata kazini: alikuwa fundi wa meno bandia katika kliniki moja, na mtaa mzima ulimwita hivyo bila yeye kununa. Kompyuta yenyewe hakuwahi kuiona. Kesi ilipofunguliwa mezani, alibaki akipakua wali na kutabasamu, kama mtu aliyeingia kwenye mkutano ukiwa umefika katikati. Yeye na wifi yake Hakimu hawakuwa na ugomvi wowote, ila hawakuwa na mazoea pia. Hujambo wifi, sijambo, kazi zinaendaje, tunashukuru, basi, maneno yanaishia hapo na kila mmoja anatafuta sahani ya kuondoa.

Ikatokea mama mkwe anahama kwenda nyumba ndogo isiyo na ngazi, maana magoti yalikuwa yameanza kumletea ukaidi. Mama Meno alikwenda kumsaidia kufungasha, na ndipo sanduku liliposhuka kutoka juu ya kabati.

"Chukua hii, mwanangu," mama mkwe alisema huku akipuliza vumbi. "Nilitaka kuitupa, mkono ukakataa."

"Mama, si ndiyo ile..."

"Ndiyo hiyo marehemu. Wewe una mikono, na siku iliyokufa hukuwepo. Lakini usiwaambie wale ndugu wawili. Nataka nife kwa amani."

"Kwani unakufa leo, Mama?"

"Nikisikia tena habari za sharubati, nakufa kesho."

Mama Meno aliipeleka kwenye chumba chao cha kupigia pasi, akafunga mlango, akaiweka chini ya taa. Ilikuwa na hali ya kusikitisha. Kasha lake, ambalo zamani lilikuwa na rangi ya maziwa, lilikuwa limegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Kile kitufe kirefu cha chini, cha kuachia nafasi kati ya maneno, kilikuwa kimekatika na kipande kingine hakijulikani kilipo. Mtu mwingine angefunga sanduku. Yeye alijisikia kama pale anapoletewa mgonjwa asiye na jino hata moja: kazi ipo, na kazi hiyo anaiweza.

Alivibandua vitufe kimoja kimoja, akaviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, akavisugua kwa mswaki. Kwa kile kilichokatika alifinyanga kingine kwa ile plastiki ya kutengenezea meno bandia, akakitia kwenye joto, akakipiga msasa mpaka kikateleza. Tatizo lilikuwa rangi. Nyeupe ilikuwa imemwishia, akabakiwa na ile ya waridi, ya ufizi. Alikitazama kitufe chake, akakipachika hivyo hivyo.

Alipofungua kasha ndipo alipokutana na ushahidi. Chini ya vitufe kulikuwa na gamba la kahawia, gumu na tamu bado. Alilionja kwa ncha ya kidole, maana udadisi haujamuua mtu. Sharubati. Lakini gamba lile lilikuwa limeishia kwenye karatasi ya plastiki iliyotandazwa chini ya vitufe, na ubao wa umeme ulikuwa mkavu kabisa. Na juu ya bati linaloufunika ubao kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa bisibisi, mkwaruzo wa mtoto mwenye hasira. Nao haukutoboa. Mama Meno aliegemea ukuta akacheka peke yake.

Sasa ikabidi atafute muuaji. Mambo ya umeme hakuyasomea, lakini jirani wa kliniki yao alikuwa fundi televisheni mzee, na meno yote ya juu ya fundi huyo yalitoka mikononi mwa Mama Meno. Hakuwa na jeuri ya kumnyima msaada. Alikuja na mita yake, akaanza na adapta, lile dude zito kama tofali linaloipa kompyuta chakula chake. Akaichomeka ukutani, akagusisha nyaya za mita, akapiga mluzi.

"Shemeji, tazama hapa. Hii ilitakiwa itoe umeme wa upole, na inatema karibu maradufu. Kitu cha ndani kinachoupunguza kimekufa kwa uzee tu. Siku kilipokufa, mafuriko yote yaliingia kwenye chipu za kumbukumbu."

"Kwa hiyo si sharubati?"

"Sharubati gani?"

"Hadithi ndefu," alisema Mama Meno. Muuaji alikuwa amelala miaka yote ndani ya sanduku moja na marehemu.

Fundi alimfundisha kushika pasi ya kulehemu, kuinyonya risasi ya zamani, ile madini laini inayogandisha chipu, bila kuunguza ubao, kung'oa chipu iliyokufa na kupachika nyingine. Mkono wake, uliozoea kazi ndogo ndogo za mdomoni, ulijifunza upesi. Akabadilisha na zile kapasita, vikopo vidogo vya kutunzia umeme, zilizovimba matumbo. Akanunua adapta mpya. Jumamosi moja asubuhi akaiunganisha na televisheni ndogo, akasema bismillahi, akawasha.

Giza.

Alizima, akawasha tena. Giza tupu. Alitaka kumpigia fundi simu, kisha akakumbuka kwamba hata kazini haiti mtu kabla hajaangalia kinywa vizuri. Akachukua kile kioo kidogo chenye mpini cha daktari wa meno, akakipitisha kando ya chipu moja baada ya nyingine, akichungulia kwa chini. Na kweli, mguu mmoja wa chipu aliyoipachika mwenyewe ulikuwa umejikunja kwa ndani, kama mtu aliyeketi juu ya mguu wake. Aliing'oa, akaunyoosha mguu kwa kibano, akairudisha taratibu.

Akawasha. Kioo kikawa buluu, buluu kama sare ya shule iliyofuliwa, na juu kwenye kona kijimraba cheupe kikaanza kupepesa. Kilikuwa kinamsubiri aandike kitu.

Mama Meno alipiga yowe. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mumewe akaingia na taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni.

"Kuna nini? Umeungua?" Kisha akaiona. Akasimama pale akidondosha maji. "Hapana," alisema. "Hapana! Ndiyo yenyewe? Mimi nilidhani unajifungia humu kuvuta sigara!"

"Sigara tena!"

"Si harufu ya moshi kila Jumamosi! Nilitaka hata kumwambia Mama." Akasogea, akaigusa kwa kidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. "Sasa mbona ina ufizi?"

"Kwa sababu daktari wake ni mimi."

Alicheka, kisha macho yakambadilika. "Na sharubati je? Uliiona sharubati?"

"Hilo," alisema Mama Meno, "nitalisema mbele ya wote."

Jumapili hiyo, baada ya chakula, wote walikuwepo sebuleni. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chenye mito. Hakimu hakuvaa joho, ila uso wa mahakamani alikuja nao. Mama Meno alileta ile karatasi ya plastiki yenye gamba la sharubati, lile bati lenye mkwaruzo, na adapta ya zamani, vyote juu ya sinia. Aliposimama aligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba hii, kesi ilikuwa inamsikiliza yeye. Akaeleza yote kuanzia mwanzo mpaka kwenye mafuriko ya umeme.

"Kwa hiyo," Hakimu alisema polepole, "sote wawili tulijaribu kuua."

"Ndiyo, wifi. Ila hakuna aliyefaulu."

Hawakufurahi. Hilo ndilo jambo Mama Meno hakulitegemea. Mpima ardhi aliinamia magoti yake kama mtu aliyeibiwa. "Sasa," alisema kwa unyonge, "tukikutana tutazungumza nini?"

Mama mkwe ndiye aliyeangua kicheko. Alicheka mpaka akavua miwani, akavunjika mbavu, na wengine nao wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine. Mama Meno aliwatazama mumewe na wifi yake wakigongana mabega kwa kicheko. Akakumbuka walipomzika baba mkwe, jinsi Hakimu alivyohamishiwa kituo cha mbali na mumewe akawa anashinda maporini na vyombo vyake vya kupimia. Wangeweza kupotezana kabisa. Kumbe kila mwezi mmoja wao alimpigia mwenzake simu amtukane kuhusu bisibisi.

"Basi tuuone ule mchezo!" alisema Hakimu.

Hapo furaha ikaingia dosari. Kaseti ilikuwepo sandukuni, lakini utepe wake ulikuwa umeota ukungu. Ilipochezwa ilitoa mlio wa kukwaruza, kisha mlio wa kuvutika, kisha utepe ukakatika. Mpima ardhi alisema si kitu, mashine imewaka, inatosha. Hakimu alijishughulisha kufuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Baadaye alimfuata Mama Meno jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani.

"Wifi," alisema bila kumtazama, "ule mchezo hauwezi kupatikana pengine?"

"Unaweza. Kuna watu duniani wanaihifadhi michezo ya mashine hizi. Lakini lazima tuongeze kifaa kipya kinachosoma kadi ndogo ya kumbukumbu, kiidanganye mashine kwamba ni kaseti."

"Tuongeze? Mimi na nani?"

"Jumamosi una kazi?"

Jumamosi Hakimu alikuja na fulana kuukuu na kitambaa kichwani, Mama Meno nusura asimtambue. Kifaa kilikuwa kimeshaletwa, kidogo kama kiberiti, kimebaki kuunganishwa nyaya zake. Mama Meno aliunganisha wa kwanza ili aonyeshe, kisha akampa wifi yake pasi ya kulehemu.

Tone la kwanza la Hakimu lilikuwa balaa, donge lenye mkia.

"Hii ni nini?" aliuliza mwenyewe.

"Sitaki kusema. Mjusi akipita ukutani huwa anaacha kitu kama hicho."

Hakimu alicheka mpaka ikabidi airudishe pasi kwenye kishikio chake. "Naomba kukata rufaa."

"Rufaa imekubaliwa. Futa, urudie. Pasha waya kwanza, si risasi."

Akarudia, akaunguza kidole, akakinyonya, akarudia tena. Katikati ya waya na waya maneno yalianza kutoka. Alimweleza Mama Meno siku yake ya kwanza kuketi kwenye kiti cha hukumu, alivyoogopa hata akasahau kuwaruhusu watu wakae, wakasimama wote mpaka karani alipokohoa. Mama Meno naye akamsimulia yule bwana harusi aliyekuja kliniki anakimbia, meno yake kayaacha kwenye teksi. Chai waliyoletewa na mpima ardhi ilipoa nje ya mlango. Hakuna aliyekwenda kuichukua.

Waya wa mwisho Hakimu aliuunganisha vizuri, tone linang'aa, dogo, la mviringo. Walitazamana. Mama Meno akachomeka kadi, akawasha. Zamani, Hakimu alisema, ungengoja mpaka uende uani urudi. Sasa kufumba na kufumbua bustani ya kijani ilijaa kiooni, na konokono akaja akiburura nyumba yake.

"Yule pale," alisema Hakimu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Anza wewe, wifi."

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana. Sogeza kidole hapo kwenye ufizi. Ndege akishuka, bonyeza."

Ndege alishuka, Mama Meno akachelewa, konokono akaliwa. Akajaribu tena. "Ruka! Ruka, wifi, ruka!" Hakimu alikuwa amesimama sasa, anarusha mikono, na Mama Meno alibonyeza kwa kidole, kwa bega, kwa mwili mzima. Konokono aliruka ndege wa kwanza, akaruka wa pili, akafika kwenye kabichi, mwisho wa bustani. Wakakumbatiana kana kwamba wao ndio waliovuka.

Mlango ukagongwa. "Nani anacheza bila mimi?" aliuliza mpima ardhi.

"Tunakuja!" walijibu kwa pamoja, na hakuna aliyeinuka.

Jumatatu, kabla hajaingia mahakamani, Hakimu alipiga simu. Hakumpigia kaka yake, alimpigia Mama Meno.

"Wifi, nimelala nikiwaza. Sauti yake inakwaruza kidogo, si ndiyo? Hatuwezi kuitafutia spika nzuri?"

Mama Meno aliyaweka chini meno ya mgonjwa aliyokuwa akiyang'arisha, akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Tunaweza," alisema. "Jumamosi njoo mapema."