Sauti ya Nyuma

Vumbi la kiwanja cha kilimani ni jekundu, na mpaka leo nikiliona linainuka husimama nikalitazama mpaka litue. Liliinuka miguuni pako, Himid. Liliinuka likapanda mpaka magotini, likapanda mpaka kifuani, na mimi nikiwa kando na zumari yangu mdomoni, nikiogopa.

Kilima chetu, watu wa bara wangekiita kichuguu. Sisi Wapemba ndicho tulicho nacho, na upepo wake ndio uliowaleta wageni: maofisa na wake zao, matajiri wa Unguja, wenye vifua vibovu na wenye kuchoka bure. Wakakaa katika nyumba ya wageni pale juu, wakapunga upepo. Na kila kiangazi, karafuu zikishavunwa, tuliwapandia na ngoma zetu. Watu wa Wawi walileta msewe, ngoma ya wanaume waliofunga njuga za ukili miguuni, ukiwasikia wanakuja kabla hujawaona. Wanawake wa mjini walileta lelemama yao, na majivuno yao. Sisi tulileta ng'ombe.

Ng'ombe mmoja, kamba ndefu, wanaume wanne wa kuishika. Mchezaji mmoja, na kitambaa chake. Na zumari ya kumpandisha ng'ombe hasira, isiyokatika tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mpigaji huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kupuliza. Haumizwi ng'ombe, hachinjwi ng'ombe. Anayeweza kuumia ni mtu.

Mtu huyo ni wewe, Himid. Miaka kumi na saba uliniambia neno moja tu kabla ya kuingia uwanjani. Puliza, Mabruki. Nami nilipuliza.

Kisha ukaja mwaka ule, miaka miwili kabla ya vita vya Wazungu. Ulinijia mchana, ukakaa karibu mno, ukaugusa mkono wangu kabla ya kunisalimu.

"Mabruki, mie sioni tena. Naona weupe tu, na kivuli. Usimwambie mtu, hata Mwanakhamis asijue."

Nikakwambia uache mchezo. Ukacheka. Nikakusihi, nikakutajia wanao, nikakutajia pembe. Ukasema utacheza kwa masikio, na masikio yako ni mimi. Nikaogopa hapo hapo, na hofu ile sijaitua.

Tukapeana alama. Sauti ya juu, ng'ombe yuko kuliani. Sauti ya chini, yuko kushotoni. Sauti ya kutetemeka, anakuja mbele. Siku tisa tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba yangu, nikimtumia mbuzi wangu mkaidi kuwa ng'ombe, na wewe hukukosea hata mara moja. Upande wa nyuma hatukuupa sauti. Hatukuuwaza hata. Mchezaji wa Pemba hampi ng'ombe mgongo, na aliyempa hajitambulishi tena kuwa mchezaji.

Puliza, Mabruki.

Nikapuliza. Wageni walikuwa vitini, chini ya turubai. Wanawake wetu waliimba na kupiga makofi, Mwanakhamis wako akiwa mbele yao, amejifunga kanga mpya, anakuangalia kwa fahari. Ng'ombe akafunguliwa. Juu, nawe ukageukia kuliani, kitambaa kikapita puani mwake. Chini, ukageukia kushotoni. Nikatetemesha, ukamngoja mbele mpaka nikataka kufumba macho, kisha ukampisha kwa hatua moja. Watu wakashangilia. Hukuwahi kucheza vizuri hivyo ulipokuwa na macho. Nilisema moyoni, Mola wangu, tumalizie hapa.

Kamba ikamponyoka mmoja wa wale wanne. Ng'ombe akazunguka kwa mbali, polepole, akili zake kichwani, akaja akasimama nyuma yako.

Nyuma. Nilitafuta sauti ya nyuma na haikuwepo. Nikipandisha, utageukia kuliani na ubavu wako utakuwa wazi. Nikishusha, vivyo hivyo. Nikiendelea kupuliza, hasira yake itaendelea. Mashavu yangu yalijaa upepo nisiojua pa kuupeleka.

Nikanyamaza.

Zumari ilikuwa haijawahi kukatika katikati ya mchezo. Makofi yakafa. Wewe ukasimama katika vumbi, umemkunjulia kitambaa ng'ombe asiyekuwepo, na pembe ziko shubiri mbili kutoka mgongoni kwako. Ukainamisha kichwa kusikiliza. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo iliyosikika uwanja mzima:

"Yuwapi, Mabruki?"

Nilimwona Mwanakhamis. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani, kofi halijakutana na kofi, na usoni mwake nikaona akijua kuwa huoni.

"Nyuma yako," nilisema. "Usitikisike."

Hukutikisika. Wanaume wakaidaka kamba, wakamvuta. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo unavyoisha.

Nilikuokoa, nikakumaliza. Niliyasema hayo mlangoni kwako siku ya tatu, ulipokubali nije. Hukunilaumu. Ulisema kosa letu lilikuwa moja, tuliisahau sauti ya nyuma, na sasa umeipata.

"Ni kimya," ulisema. "Ukinyamaza, ntajua yuko nyuma."

Basi mpaka leo, kila alasiri naja uani kwako. Hakuna wageni, hakuna kamba, hakuna ng'ombe. Mwanakhamis hutuwekea mkeka, kisha hutuacha. Puliza, Mabruki, nami napuliza, nawe unacheza na upepo, mvi zako zinalowa jasho. Unacheza vizuri. Ninakuogopea kama siku ile.

Lakini pumzi yangu si ile, Himid, na hili sijakwambia. Mashavu yamelegea, kifua kinakoroma. Siku hizi zumari hunikatikia njiani, si kwa alama yoyote, kwa uzee tu. Na kila inapokatika, wewe hugeuka nyuma kwa kasi, kitambaa mbele, tayari.

Siku moja itakatika isirudi. Utageuka, utangoja. Utaniuliza yuko wapi, na hakutakuwa na wa kukujibu. Na vumbi jekundu la uani kwako litainuka miguuni pako, kisha litatua.